Oili Iliyokomaa

Ieleweke kwa wote wanaohusika kwamba oili chafu ya kila gari la umma itamwagwa yote, na mpya kutiwa mahali pake, kila baada ya gari kutembea kilomita elfu tano. Kwamba dereva ataandika katika kitabu cha gari tarehe na kilomita za kila badiliko. Kwamba gari litakalokutwa bovu kwa sababu ya uzembe litarudishwa wilayani. Na kwamba dereva wake atarejeshwa katika shughuli za uzalishaji mali shambani. Hayo yalitamkwa na waraka uliofika Bugene mwaka 1980, ukiwa na mihuri miwili, ukabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya chama chetu cha ushirika kwa gundi ya unga wa muhogo. Mende walikula kona ya chini kwa ajili ya unga. Maneno hawakuyagusa.

Chama kilikuwa na gari moja, Landrova ya dizeli, iliyokwenda vitani pamoja na watu wengine na kurudi ikiwa na tundu mlangoni. Kilikuwa pia na dereva mmoja, Ildefonsi Harerimana, ambaye hakuna mtu aliyemwita Ildefonsi wala Harerimana. Alikuwa Dereva. Mkewe alimwita Dereva. Padri, alipombatizia mtoto wa mwisho, aliandika kitabuni "Baba: Dereva", kisha akakata na kuuliza.

Jina hilo hakulipata kwa urahisi. Alikuja kutoka Rwanda akiwa kijana, yeye, wazazi na ng'ombe saba. Wazazi walizeeka, ng'ombe wakaisha kwa ugonjwa, naye akabaki katika kijiji cha Ndama akichunga ng'ombe wa watu. Kwa miaka kumi na moja aliitwa "wewe wa ng'ombe", na waliomwita hivyo hawakuwa na nia mbaya. Hawakuwa na nia yoyote. Halafu wamisionari wakamwajiri kuosha lori lao. Aliliosha kwa miaka miwili, juu na chini, mpaka akalijua kuliko aliyekuwa akiliendesha, na siku huyo alipougua, wakampa usukani. Mwaka 1974 chama kilimchukua. Alinunua koti. Mtu aliyewahi kuwa "wewe wa ng'ombe", kisha akawa Dereva, hahitaji kusomewa waraka ili aogope kurejeshwa shambani.

Aliitunza Landrova kama alivyowahi kutunza ng'ombe mwenye mimba. Aliiosha kila Jumamosi. Aliipoza kabla ya mlima na kuipongeza baada yake. Na oili yake aliitunza kwa namna aliyoamini kuwa ndiyo yenyewe: hakuimwaga kamwe.

Kila baada ya miezi michache chama kilipata mgawo wake, debe moja la lita tano na filta moja ndani ya boksi. Dereva alipokea, akasaini "Imebadilishwa", na Katibu wa chama akasaini chini yake. Kisha Dereva alichomoa kijiti cha kupimia, akatazama, akaongeza kilichopungua, na kilichobaki akakipeleka nyumbani. Hakuona uongo wowote hapo. Oili ya leo iliyoongezwa si sawa na ya jana, basi imebadilika.

"Oili yangu imekomaa," aliwaambia madereva wenzake walipokutana Kayanga kupakia kahawa. Aliwaonyesha kijiti, kikiwa cheusi, kinavuta uzi. "Ya kwako, bwana, bado changa. Tazama inavyong'aa, kama mkojo wa ndama."

Elimu hiyo aliipata kwa mama yake. Nyumbani kwao palikuwa na kisabo, kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, na mama aliwafundisha watoto kwamba kibuyu cha maziwa hakimwagwi chote: unaacha ya jana kidogo, unatia ya leo juu yake, ya jana yanayashika ya leo mkono na kuyafundisha kuganda. Ukikikausha, siku ya pili una maziwa yasiyojua la kufanya. Dereva alikunywa maziwa hayo tangu utotoni, na alipokabidhiwa injini, yaani chombo kingine kinachotikiswa kutwa nzima kikiwa na kimiminika ndani, hakuona sababu ya kuanza masomo upya.

Mwanzoni mwa 1983 taa nyekundu ya oili ilianza kuwaka kila alipopanda mlima. Dereva aliifikiria kwa wiki nzima. Kisha akaomba plasta zahanati, akaibandika juu ya taa, na taa ikaacha kumsumbua.

Jumatatu moja mwezi wa tano, barua ilifika kwa Katibu: mkaguzi wa magari kutoka wilayani atakuwa Bugene Ijumaa. Saa chache baadaye, siku hiyo hiyo, Landrova ikiwa inapanda kuelekea Bugene na magunia sita ya kahawa, injini ilianza kugonga. Mwanzo iligonga kama mgeni anavyogonga mlango kwa fundo la kidole. Kisha kama mgeni huyo huyo amegundua mmo ndani na mnakula.

Dereva alizima. Watu waliokuwa wanatoka sokoni waliweka mizigo yao chini, wakasukuma. Yeye alitembea pembeni, mkono mmoja dirishani kwenye usukani, mwingine hewani kuongoza wasukumaji.

"Dereva!" mwanamke mmoja aliita kutoka nyuma. "Leo unachunga!"

Wote walicheka, na gari likaenda mbio kidogo kwa nguvu ya kicheko. Dereva hakucheka. Alikuwa ameisikia ile sauti ya zamani.

Walimfikisha kwa fundi Hatibu, ambaye babu yake alitoka Pangani kuja kuuza nguo kwa msimu mmoja na kusahau kurudi. Hatibu alikuwa na gereji isiyo na ukuta, jeki mbili, na heshima ya watu wote isipokuwa waliowahi kusubiri gari kwake.

"Shikamoo, Dereva."

"Marahaba, fundi. Inagonga."

"Nimeisikia tangu iko karibu na msikiti. Nikadhani wanaezeka."

Hatibu alifungua kava la juu ya injini. Alinyamaza. Hatibu alikuwa mtu wa kuzungumza hata akiwa na nati mdomoni, hivyo kimya chake kiliwatia watu hofu kuliko kule kugonga kwa injini.

"Bismillahi," alisema mwishowe. "Dereva, humu mmepika nini?"

"Oili."

"Oili humwagika. Hii inakatwa." Akachukua kisu, akakata, akainua kipande. Kilikaa juu ya kisu, cheusi, kikitetemeka kidogo. "Mara ya mwisho kuimwaga ni lini?"

"Kuimwaga?"

"Kuimwaga."

"Fundi," Dereva alisema kwa upole, kama anayemweleza mtu wa pwani mambo ya bara, "oili haimwagwi. Inaongezwa." Na akaeleza yote: ya jana, ya leo, kushikana mikono.

Hatibu alitafuta tairi la kukalia. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha grisi, akainuka akiwa na miwani nyeusi ya grisi usoni.

"Nimeona magari yaliyokufa kwa ajali," alisema. "Nimeona ya vita. Nimeona lililouawa na shemeji. La kugandishwa ndilo hili la kwanza."

"Litapona?"

Swali hilo lilimrudisha Hatibu kazini. Alilala chini ya gari, akafungua sampo, lile bakuli la chuma linalokaa chini ya injini, na kuitoa ikiwa imejaa tope zito. Chujio lililomo ndani, ambalo oili hupita kwanza kabla ya kupandishwa juu, lilikuwa limezibwa kama sega la nyuki lililojaa. Alifungua beringi moja, akaipitisha kidole, akaitazama kwenye jua.

"Ina mikwaruzo. Haijaungua. Una bahati, Dereva, na sijui kwa nini." Alijifuta. "Sasa nisikilize. Nikimwaga mafuta ya taa humu kwa pupa, tope litakatika mapande, litaziba njia za ndani, na injini itakufa ikiwa safi. Kwanza tunakwangua kwa mkono. Kisha tunatia oili mpya yenye dizeli kidogo, inanguruma taratibu dakika kumi, tunamwaga. Tunatia tena, tunamwaga. Mara tano, labda sita, mpaka itoke inayofanana na oili. Na kila mara mbili, filta mpya."

"Oili kiasi gani?"

"Lita thelathini na tano. Arobaini kama Mungu hajapendezwa." Hatibu akacheka, safari hii bila furaha. "Na wilaya nzima, mwaka huu, ukikamua kila gari hupati hizo. Kibali cha Bukoba ni mwezi mmoja. Mkaguzi anakuja lini?"

"Ijumaa."

"Basi tafuta jembe zuri."

Dereva aliitazama njia ya nyumbani. Alikuwa na madebe kumi na moja ya oili chini ya kitanda, na filta zake, kila moja ndani ya boksi lake.

Inafaa kukumbusha mwaka wenyewe. Ilikuwa ni wakati wa msako wa wahujumu uchumi, na mtu mwenye katoni ya sabuni ndani aliitazama kama wengine wanavyomtazama nyoka. Wapo waliozika sukari. Dereva hakuficha madebe yale. Aliyaweka tu, kwa kuwa mgawo ulizidi kuja na oili yake ilikuwa haiuhitaji. Lakini maelezo hayo, alipojaribu kuyasema kimoyomoyo mbele ya mgambo wa kufikirika, hayakumridhisha hata yeye. Akiyatoa, ni mhujumu. Asipoyatoa, Ijumaa anachunga.

Alitembea saa nzima mpaka nyumbani Ndama. Jua lilikuwa bado juu, na mkewe, Mukandekezi, mama wa Vestina, alikuwa uani akiosha vibuyu vya maziwa. Alitia maji ya moto na changarawe kidogo, akatikisa, akamwaga, akanusa mdomo wa kibuyu, akatia tena. Pembeni majani yalikuwa yanafuka moshi wa kuvifukizia. Dereva alikaa kwenye kigoda na kumweleza kila kitu, akaishia na mama yake.

Mukandekezi aliacha kutikisa.

"Mama yako alisema kibuyu hakimwagwi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na mimi nafanya nini hapa?"

Dereva alitazama. Alikuwa amepita mbele ya kazi hiyo kila wiki kwa miaka ishirini na mitatu, na sasa, kwa mara ya kwanza, aliiona.

"Unaosha," alikiri.

"Naosha. Mama yako aliosha. Maziwa yakianza kuwa na harufu, unamwaga yote, unaosha, unafukiza, unaenda kwa jirani kuomba ya kuanzia. Aliwaambia nyinyi watoto msimwage kwa sababu mlikuwa mnamwaga hovyo! Dereva, umekunywa maziwa miaka yote hiyo, hujawahi kuuliza chombo kinaoshwa na nani?"

"Wanaume hawagusi vibuyu."

"Ndiyo maana mnaua magari." Akanusa kibuyu kingine. "Na yale madebe yanayonivunjia ufagio kila asubuhi?"

"Ndiyo hayo."

"Yapeleke."

"Mama Vestina, mwaka huu? Njiani? Nitayafunika na nini?"

"Na nini? Utayapeleka wazi. Ukifunika watataka kuona."

Asubuhi ya Jumanne, wanawake sita wa kwaya, Mukandekezi akiwa mbele, walitoka Ndama na madebe kichwani, wakiimba wimbo wa kutolea sadaka. Wawili walirudi kuchukua yaliyobaki na filta. Mgambo waliokuwa njia panda waliwaona wakija na madebe yanayong'aa na lebo zake zote. Mmoja alivua kofia. Dereva alifuata nyuma kwa hatua mia mbili, akiwa amevaa koti, kama mtu anayekwenda njia hiyo kwa mambo mengine.

Hawakwenda gereji. Mukandekezi aliwapeleka moja kwa moja ofisini kwa Katibu Gaudiosus, wakayapanga madebe sakafuni, chini ya waraka.

Katibu Gaudiosus alikuwa mtu mwembamba aliyeamini kwamba kitu kikishaandikwa kimetokea. Aliyatazama madebe, akafungua kitabu cha gari, akaona saini yake imekaa chini ya "Imebadilishwa" mara kumi na tano. Akafunga kitabu taratibu, kama anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

"Mama Vestina. Haya yametoka wapi?"

"Chini ya kitanda, Katibu."

"Kitanda cha nani?"

"Changu. Huyu analala tu."

Dereva, mlangoni, alivua kofia. "Katibu, kama ni jela, nitakwenda. Lakini gari lipone kwanza."

Katibu hakuwa anafikiria jela ya Dereva. Alikuwa anafikiria saini kumi na tano. Alitembea mpaka dirishani, akarudi, akasoma waraka wote ukutani kana kwamba mende wangekuwa wameongeza kifungu. Kisha akaketi, akavuta karatasi, na akaandika, huku akijisomea kwa sauti:

"Akiba ya dharura ya chama... iliyohifadhiwa kwa uangalifu... katika bohari ndogo ya Ndama... imetolewa leo kwa matengenezo makubwa." Akainua kichwa. "Ina mlango wa kufunga, bohari hiyo?"

"Ina chandarua," alisema Mukandekezi.

"Chandarua," Katibu alirudia, akaandika: *imehifadhiwa vizuri*.

Kwa siku tatu gereji ya Hatibu ilikuwa na watazamaji kuliko mechi. Jumanne na Jumatano walikwangua. Hatibu alitumia miiko ya mbao kwa sababu chuma kingeacha makovu, na tope lililotoka lilijaza makarai mawili. Mzee mmoja aliomba kidogo la kupaka nguzo za nyumba dhidi ya mchwa, akapewa, na inasemekana nguzo zipo. Walisafisha chujio tundu kwa tundu. Walirudisha sampo. Alhamisi asubuhi Hatibu alitia oili ya kwanza na dizeli kidogo, akawasha. Iligonga. Dakika kumi, akazima, akaweka karai chini.

Kilichotoka kilikuwa cheusi tititi. Mukandekezi, aliyekuwa ameletea watu chakula na hakuondoka, alichovya kidole, akanusa.

"Bado."

"Mama Vestina, hiyo naiona hata mimi," Hatibu alisema.

Walirudia. Akanusa. "Bado."

Mara ya tatu Hatibu aliona imeng'aa, akataka kuacha ili abakize oili. "Hii inatosha. Tazama rangi."

"Rangi ni ya wanaume. Nusa."

Hatibu alinusa kwa ajili ya amani. Akanusa tena. Chini ya harufu ya oili mpya palikuwa na nyingine, ya kitu kilichoungua zamani.

"Lahaula," alisema. "Bado."

Baada ya hapo hakumwaga karai bila kumpelekea kwanza. Ya nne: bado. Ya tano: bado kidogo. Saa kumi alasiri ya sita ilitoka rangi ya asali, Mukandekezi akanusa, akafikiri, akajifuta kidole kwenye nyasi.

"Sasa anzeni."

Hatibu alifunga filta mpya, akatia oili safi bila dizeli, ya kukaa. Kisha akabandua plasta kwenye dashibodi.

"Hii ilikuwa ya nini?"

"Ilikuwa inaniumiza macho," alisema Dereva.

"Leo itazame vizuri. Ikizimika, wewe ni dereva. Isipozimika, pampu imekufa, na mimi sina nyingine."

Dereva aliingia, akafunga vifungo vya koti, akazungusha ufunguo. Injini ikashika. Taa nyekundu ikawaka, ikakaa. Mwanamke yule aliyesema juu ya kuchunga alikuwepo, mkono mdomoni. Taa ikakaa. Dereva alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa juu ya mawe. Taa ikacheza, ikafifia, ikarudi, ikazimika.

Injini iligonga bado, ila kidogo sana, kama mgeni aliyekwisha karibishwa na kupewa kiti lakini bado ana haya.

"Dereva," alisema Mukandekezi, "shuka ule."

Ijumaa mkaguzi alifika saa tano na nusu, mtu mzito mwenye kalamu tatu. Alisikiliza injini. Alipandishwa mlima wa Bugene akiwa amekaa mbele, na taa nyekundu haikuthubutu. Alichomoa kijiti, akakitazama juani, akasema hajaona oili safi namna ile tangu mwaka uanze, hata katika gari lake mwenyewe. Kisha akasoma karatasi ya Katibu.

"Na hii bohari ndogo ya Ndama? Ningependa kuiona. Wengine wajifunze."

Katibu Gaudiosus alipata kikohozi.

"Bohari hiyo haiingiwi na wageni," Mukandekezi alisema kutoka mlangoni. "Ni utaratibu."

Mkaguzi aliinamisha kichwa kwa heshima. Utaratibu alikuwa anauelewa. Akafungua kitabu cha gari, akasoma mstari wa mwisho, kwa kuwa ndio uliokuwa na wino mpya, akatupa jicho kwenye mita ya kilomita, akajumlisha pembeni, na kuandika kwa kalamu nyekundu: *Badiliko lijalo la oili: kilomita 46,867. Dereva huyu ni mfano wa kuigwa.* Waraka wa 1980 ulibandikwa upya, kwa gundi zaidi.

Tangu hapo oili ya Landrova ilimwagwa yote, kwa wakati wake. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya misa, Dereva alimpelekea mkewe kijiti mbele ya kanisa, naye alinusa, mbele ya watu, akasema "bado nzuri" au "mwaga". Hatibu alianza kumpelekea vijiti vya magari mengine. Ildefonsi Harerimana alistaafu mwaka 1994, akiwa na koti la tatu, na mpaka leo ukiuliza Ndama nyumba ya Ildefonsi watakuuliza Ildefonsi yupi. Siku alipokabidhi ufunguo, Katibu alisoma mita ili aandike katika hati ya makabidhiano. Ilikuwa inasoma 41,867, kama ilivyosoma siku ile ya mkaguzi, na kama ilivyosoma siku Landrova iliporudi kutoka vitani.